Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Nchi Zinazotoa na Zinazopokea Misaada

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha na wa Maendeleo ya Kimataifa wa nchi wafadhili,
na kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha na wa Afya wa nchi zinazopokea misaada.

YAH: KUONDOLEWA KWA MISAADA BILA RATIBA YA MAKABIDHIANO

Waheshimiwa,

Ninawasalimu kwa heshima zote. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika uhasibu wa miradi ya afya inayogharimiwa na fedha za nje, na ninawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Hoja zilizomo humu niliziwasilisha kwanza kwa shirika lililokuwa likifadhili mradi wetu, kisha kwa wizara iliyosaini mkataba wa mradi huo. Shirika lilinijibu kwamba masuala ya bajeti huamuliwa makao makuu, na wizara ikanijibu kwamba uamuzi ni wa mfadhili. Katika majibu yote mawili hapakuwa na sentensi hata moja iliyoeleza nani angewalipa wahudumu mwezi uliofuata, na mradi ukafungwa swali hilo likiwa bado mezani. Kwa kuwa kila upande unamnyooshea kidole mwenzake, nimeona ni haki niwaandikie nyote barua moja, ili kila mmoja asome na yale ninayomwambia mwingine.

Siandiki kudai kwamba misaada idumu milele, wala sipingi haki ya nchi yoyote kuamua fedha za wananchi wake zitumikeje. Ninachodai ni kwamba huduma ambayo uhai wa watu umefungamana nayo isiondolewe bila tarehe iliyotangazwa mapema na bila mpokeaji anayejulikana kwa jina, cheo na kasma (fungu) ya bajeti. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Namna misaada inavyokatwa

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ifanyiwe tathmini. Kabla tathmini hiyo haijakamilika, miradi ilikwisha kupokea barua za kuagizwa isimamishe kazi. Mwezi Machi Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, zimefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika hilo lililoanzishwa mwaka 1961 likawa limeacha rasmi kutekeleza misaada. Marekani haikuwa peke yake. Uingereza, iliyokuwa imejiwekea kwa sheria ya mwaka 2015 kiwango cha asilimia 0.7 ya pato lake la taifa, ilikishusha hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kwamba itakifikisha 0.3 ifikapo mwaka 2027. Ujerumani na Ufaransa nazo zimepunguza. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, misaada rasmi ya mwaka 2024 ilikuwa dola bilioni 212.1, pungufu kwa asilimia 7.1 kwa thamani halisi ukilinganisha na mwaka uliotangulia, na shirika hilo likakadiria kwamba mwaka 2025 ingeshuka tena kwa asilimia kati ya 9 na 17.

Naomba mtazame kinachotokea kituoni barua ya namna hiyo inapofika. Watu wengi hudhani kwamba kitu cha kwanza kuisha ni dawa, lakini mara nyingi sivyo. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hukadiriwa na kuagizwa miezi mingi kabla ya kutumika. Zinatengenezwa, zinasafirishwa, zinatolewa bandarini, zinapita bohari kuu hadi wilayani, na kwa hiyo siku mradi unapofungwa bado kuna shehena njiani na makopo kwenye rafu. Wanaotoweka kwanza ni watu. Leja ya dawa ina safu za kilichokuwepo, kilichopokelewa, kilichotolewa, kilichosalia, na mwisho sahihi ya aliyetoa. Nimekagua leja ambazo safu ya salio inaonyesha makopo yapo, ilhali safu ya sahihi haina kitu, kwa kuwa aliyekuwa akisaini alilipwa na mradi na mkataba wake umekatishwa. Karani wa takwimu aliyejua ni mgonjwa gani hajafika kuchukua dawa naye ameondoka. Mwendesha pikipiki aliyepeleka sampuli za damu maabara ameondoka pia, hivyo majibu ya wingi wa virusi hayarudi, na muuguzi aliyebaki hawezi kujua kama dawa bado zinamfaa mgonjwa aliye mbele yake. Kwa kuhofia kwamba shehena inayofuata haitakuja, aliyezoea kupewa dawa za miezi mitatu anapewa za wiki chache, na mtu anayetembea nusu siku kufika kituoni atafanya hesabu zake mwenyewe kuhusu mara ngapi anaweza kurudi. Matibabu yakikatika, virusi huongezeka mwilini na vinaweza kujenga usugu, na tiba ya usugu ni ghali kuliko ile iliyokatizwa kwa ajili ya kubana matumizi.

Huu ndio msingi wa lalamiko langu. Siku 90 zinaweza kutosha kukagua majalada ofisini. Kumhamisha mgonjwa, mhudumu, mkataba wa maabara na mfumo wa takwimu kutoka kwenye fedha za mfadhili kwenda kwenye fedha za serikali ni kazi inayohitaji angalau misimu miwili ya bajeti, na kila aliyewahi kuandaa bajeti ya wizara analijua hilo.

2. Mliahidi jambo hilihili kwa maandishi

Waheshimiwa, siombi utaratibu mpya. Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu ufanisi wa misaada liliweka kutabirika kwa fedha kuwa moja ya vipimo vyake. Miaka mitatu baadaye, katika mkutano wa Accra wa mwaka 2008, wafadhili waliahidi kuzipa nchi zinazopokea taarifa za mara kwa mara kuhusu matumizi wanayoyapanga kwa miaka mitatu hadi mitano ijayo, ili nchi hizo ziziingize katika mipango yao. Ahadi hiyo haijafutwa na mkutano wowote. Imeachwa tu.

Na haikuwa ahadi isiyotekelezeka, kwa sababu mlikwisha kuitekeleza mahali pengine. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na washirika wao walianzisha mpango wa kudhibiti ugonjwa wa usubi katika Afrika Magharibi, ugonjwa unaopofusha watu na uliokuwa umewafukuza wakulima kutoka mabonde yenye rutuba kando ya mito. Mnyoo aliyekomaa wa ugonjwa huo huweza kuishi mwilini mwa binadamu kwa miaka ipatayo 15, kwa hiyo kunyunyizia dawa mito wanakozaliana inzi wanaoueneza kwa miaka mitatu minne kisha kuondoka kungekuwa kupoteza fedha zote. Wafadhili walilielewa hilo, wakakubali kwamba muda wa mpango utaamuliwa na maisha ya mnyoo na si na kalenda ya uchaguzi wao. Mpango uliendelea hadi mwaka 2002, ukaenea katika nchi 11, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 600,000 waliepushwa na upofu na watoto milioni 18 walizaliwa bila tishio la ugonjwa huo. Ninapoambiwa kwamba hakuna serikali inayoweza kujifunga kwa zaidi ya mwaka mmoja wa fedha, huwa naikumbuka mito ile.

Mfano wa pili uko hai hadi leo. Gavi, ubia wa chanjo ulioanzishwa mwaka 2000, unazitaka nchi zichangie gharama za chanjo zao, na mchango huo hupanda kadiri pato la nchi linavyokua, hadi nchi inapofika kwenye kipindi cha mpito chenye miaka inayojulikana ambacho mwisho wake ni kujilipia yenyewe. Utaratibu huo una kasoro zake, na zipo nchi zilizoyumba baada ya kuvuka. Lakini waziri wa fedha wa nchi iliyomo anajua ni mwaka gani atalipa kiasi gani, na anaweza kwenda bungeni na hesabu mkononi. Indonesia ilianza kama mpokeaji, ikavuka, na mwaka 2024 ikajiunga na wanaoichangia Gavi.

3. Namna misaada inavyohesabiwa

Tangu mwaka 1970, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa, wastani wa nchi wafadhili haujawahi kulikaribia. Mwaka 2024 wastani ulikuwa asilimia 0.33, na waliovuka lengo walikuwa Denmark, Luxembourg, Norway na Sweden pekee. Hilo limesemwa mara nyingi na sitalirefusha.

Linalosemwa kidogo ni kwamba hata kiasi kinachotangazwa hakifiki chote kule kinakodaiwa kwenda. Mwaka 2024 dola bilioni 27.8, yaani takriban asilimia 13 ya misaada yote iliyoripotiwa, zilitumika kuwahifadhi wakimbizi ndani ya nchi za wafadhili wenyewe. Kanuni za OECD zinaruhusu gharama hizo zihesabiwe katika mwaka wa kwanza wa mkimbizi, kwa hiyo hakuna aliyevunja utaratibu, na kumpokea mkimbizi ni wajibu ambao sitaki kabisa upunguzwe. Hata hivyo fedha hizo hazikununua chanjo, hazikuchimba kisima na hazikumlipa mwalimu katika nchi maskini. Kuziweka katika jumla moja na fedha zilizofanya kazi hizo kunawaficha wapigakura wenu ukweli, na kunaifanya kila punguzo la kweli lionekane dogo kuliko lilivyo.

4. Fedha zinazopita pembeni

Sababu mojawapo ya mradi kuanguka siku mfadhili anapoondoka ni kwamba tangu mwanzo ulijengwa nje ya nyumba ya serikali. Ulikuwa na akaunti yake, magari yake, mfumo wake wa takwimu na ngazi yake ya mishahara, ambayo huwavuta wahasibu na wauguzi bora watoke wizarani kwa malipo ambayo wizara haitaweza kamwe kuyalipa. Nimemwona muuguzi mmoja akiwa na rejista tatu mezani kwa ajili ya mgonjwa mmoja: ya serikali, ya mfadhili wa kifua kikuu na ya mfadhili wa VVU, na kila mwisho wa robo mwaka akifunga mlango wa chumba cha kliniki ili ajaze fomu zote tatu. Taarifa zilikuwa zilezile, ila mpangilio wa safu ulitofautiana, na kila mfadhili alikataa kupokea fomu ya mwenzake.

Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul kuhusu misaada ya kibinadamu, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2020 robo ya fedha hizo ingeelekezwa kwa watendaji wa ndani kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka huo ulipita bila lengo hilo kufikiwa. Matokeo yake ni kwamba mkataba mkubwa unapokatwa katika mji mkuu wa mbali, mashirika madogo yaliyokuwa chini yake yanagundua kwamba hayakuwa na uhusiano wowote na mwenye fedha, na hayana hata mlango wa kubisha.

5. Kwa nchi zinazopokea

Sasa ninawageukia Waheshimiwa wa upande wetu, na ninaomba uvumilivu wenu kwa sababu sitawapunguzia.

Mwezi Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa sekta ya afya. Nchi zilizowahi kukifikia kiwango hicho ni chache, na zilizokidumisha ni chache zaidi. Katika miaka hiyo yote misaada ilipoongezeka, mara nyingi Hazina ziliiona kama ruhusa ya kuhamishia fedha za ndani kwingineko. Bajeti zikaandikwa kwa mtindo ambao mishahara na uendeshaji ni fedha za ndani, na karibu kila kitu kiitwacho maendeleo ni fedha za nje. Mtindo huo ukazoeleka kiasi kwamba hakuna mbunge anayeuliza tena kwa nini dawa za mgonjwa wa kudumu zinaitwa mradi. Mlijua kwamba mkataba una tarehe ya mwisho. Mlikuwa mmeusaini ninyi.

Na fedha si kwamba hazipo kabisa. Jopo la ngazi ya juu lililoongozwa na Thabo Mbeki, Rais wa zamani wa Afrika Kusini, lilieleza mwaka 2015 kwamba Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kupitia utoroshaji haramu wa fedha, sehemu kubwa kwa njia za kibiashara kama kudanganya bei za bidhaa zinazouzwa na kununuliwa nje. Kuziba mianya hiyo ni kazi ya mamlaka za kodi na forodha, na ni kazi ya nchi tajiri pia, kwa sababu fedha zinazotoroshwa hufichwa katika benki na mali zilizoko kwao. Botswana, iliyopata uhuru mwaka 1966 ikitegemea Uingereza hata kwa bajeti ya kawaida ya serikali, iliweza ndani ya miaka michache kugharimia uendeshaji wake yenyewe, kwa kuwa iliweka tarehe ya kujitegemea na kuyasimamia mapato ya madini yake kwa makini. Almasi zilisaidia sana, sikatai. Lakini zipo nchi zenye madini zaidi ambazo hazijafanya hivyo. Na mwanzoni mwa 2025 Bunge la Nigeria liliongeza takriban dola milioni 200 katika bajeti ya afya ili kuziba sehemu ya pengo lililoachwa na Marekani. Ikiwa fedha zinaweza kupatikana baada ya mshtuko, zingeweza kupangwa kabla yake.

Ninatambua uzito wa madeni. Umoja wa Mataifa ulieleza mwaka 2024 kwamba watu bilioni 3.3 wanaishi katika nchi ambazo riba ya madeni inachukua fedha nyingi kuliko elimu au afya. Zambia iliposhindwa kulipa mwaka 2020, ilichukua miaka kadhaa kufikia makubaliano na wadai. Wadai wengi ni nchi zilezile ninazoziandikia, au wana makao ndani yake, na kutoa msaada kwa mkono mmoja huku riba ikikusanywa kwa mwingine ni jambo linalotaka kuzungumzwa katika kikao kimoja na si katika vikao viwili visivyojuana.

Ninajua majibu yatakayotolewa, kwa hiyo nitayatangulia.

Mtasema kwamba wananchi wenu wana shida zao na fedha ni zao. Ni kweli, na ndiyo maana sijaomba kiasi fulani, nimeomba taarifa ya mapema. Wananchi wa Marekani wanastahili pia kujua kwamba misaada yote ya nje ilikuwa takriban asilimia 1 ya matumizi ya serikali yao kuu.

Mtasema kwamba misaada haikuleta maendeleo. Hapa ninaomba tuwe waangalifu, kwa sababu ndani yake mna ukweli na upotoshaji pamoja. Msaada peke yake haujengi uchumi. Umaskini ulipungua kwa kasi kubwa China kwa sababu ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwa misaada. Lakini mwaka 1990 watoto 93 kati ya kila 1,000 waliozaliwa duniani walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na mwaka 2022 walikuwa 37. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Mpango wa Marekani wa UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, kwa makadirio ya serikali hiyo yenyewe, umeokoa maisha ya watu milioni 25. Katika afya, misaada ilifanya kile ilichotumwa, na kwa sababu hiyohiyo kuikatiza kuna gharama inayohesabika: utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2025 ulikadiria kwamba kukatwa kwa fedha za USAID kunaweza kusababisha vifo vya ziada zaidi ya milioni 14 kufikia mwaka 2030.

Mtasema kuna ufisadi. Upo, na nimekutana nao katika vitabu vya hesabu. Mwizi akipatikana akamatwe, na mradi wake upewe msimamizi mwingine. Kumnyima dawa mgonjwa hakumrudishi mwizi wala fedha.

Mtasema kwamba biashara, uwekezaji na fedha zinazotumwa na wahamiaji zitaziba pengo. Fedha za wahamiaji kwa nchi za kipato cha chini na cha kati zilikuwa dola bilioni 656 mwaka 2023, nyingi kuliko misaada yote, na ni za heshima kubwa. Lakini huenda kwa familia moja moja kwa ajili ya ada, chakula na paa. Hazigharimii maabara ya taifa ya kifua kikuu, wala hazimlipi mtu wa kufuatilia mlipuko wa ugonjwa mpakani.

Kutoka kwa nchi wafadhili ninaomba, kwanza, kwamba huduma za tiba ya kudumu, chanjo na lishe ya dharura zisisitishwe bila notisi ya miezi 24 na mpango wa makabidhiano uliosainiwa na pande zote mbili na kuchapishwa. Pili, gharama zinazotumika ndani ya nchi zenu ziripotiwe katika jedwali lake pekee, nje ya jumla ya misaada. Tatu, pale ambapo Mkaguzi Mkuu wa nchi anaaminika, fedha zipite katika bajeti ya serikali. Na pale asipoaminika, wafadhili wote wakubali angalau rejista moja na ripoti moja.

Kutoka kwa nchi zinazopokea ninaomba kwamba kila kitabu cha bajeti kiwe na jedwali linaloonyesha kila huduma ya afya inayolipiwa na fedha za nje, jina la mlipaji, tarehe ya mwisho ya mkataba, idadi ya watumishi wanaoutegemea, na mwaka ambao Hazina itaichukua. Jedwali hilo halihitaji mkopo wala mshauri kutoka nje. Takwimu zote ziko katika mikataba mliyoisaini, na linaweza kuwasilishwa katika kikao kijacho cha bajeti.

Ninaomba majibu yenu yatolewe hadharani, na yataje tarehe.

Wenu katika utumishi,

Mhasibu wa miradi ya afya